Mwalimu Aliyenyamaza

Zuhra alikuwa miguu juu, tumbo limeuelekea ukuta, vidole vya miguu vimegusa chokaa kidogo tu, aliposikia mtu anakuja. Hakuweza kugeuza shingo. Aliyesimama kwa mikono namna ile haoni kitu ila ukuta na viganja vyake mwenyewe. Lakini masikio yalikuwa wazi, na yalimjua yule mtu kabla hajafika. Aliburuza mguu wa kushoto kidogo, ule ulioteguka kwenye onesho la mjini Kigoma, ukatibiwa ovyo kwa haraka ya kurudi jukwaani.

Ni Luqman. Karibu mwaka mzima hajaonekana Ujiji, na leo anakuja hivi hivi, kama mtu aliyetoka kununua vocha.

Mikono ya Zuhra ikaanza kutetemeka. Akasukuma ardhi, mabega yakagusa masikio, akabana tumbo, akapumua kidogo kidogo kwa pua. Alisubiri aseme neno. Salamu tu ingetosha. Luqman akasimama nyuma yake, pale pale alipokuwa akisimama siku zote, na hakusema kitu.

Mwishowe Zuhra akatembeza miguu ukutani kushuka, taratibu, akapiga magoti mchangani. Akalishusha dera lililokuwa limefungwa kiunoni likafunika suruali, akaweka mtandio sawa. Ndipo akageuka.

"Umekonda," alisema.

"Na wewe umeongeza muda," alisema Luqman. "Nimekuona tangu kule kwenye kona. Nimetembea njia yote hii bado uko juu."

"Ndicho ulichokuja kuniambia?"

Luqman akatazama chini. Macho yale! Zuhra alikuwa amejiapiza kwamba akiyaona tena hatayajali, na sasa yako mbele yake, mekundu ya safari, na yeye anayajali kuliko siku ya kwanza. Alijichukia kwa hilo, lakini kujichukia hakukusaidia.

Siku yenyewe ilikuwa mbaya ya kurudi. Alasiri hiyo hiyo wazee wa Saidi wangefika nyumbani kwa Mzee Songoro, baba yake Zuhra, kuchukua jibu la posa, na jibu lilikuwa bado halijatoka kinywani mwa binti. Saidi alikuwa mfanyabiashara wa mawese wa Simbo, aliyefiwa na mke, mtu wa sauti ya chini na heshima zake. Bi Mwanvua, mama yake Zuhra, alimpenda mkwe huyo mpaka akajifunza kuamkia kwa Kiha, lugha ya kwao Saidi. "Mwakeye!" alikuwa akimpokea nayo hata jua likizama, na Saidi kwa adabu zake aliitikia bila kumwambia kuwa hiyo ni salamu ya asubuhi. Mzee Songoro yeye alisema mara moja tu, "Sikulazimishi, mwanangu. Lakini watu hawazungushwi kila siku. Leo useme." Zuhra akatoka, akaja ukutani kutafuta la kusema.

Ukuta wenyewe ulikuwa wa ghala la zamani ziwani. Maji yalipopanda miaka ile yakafika mpaka ngazini, wenye mali wakahamisha magunia yao, na kikundi cha sarakasi cha kina Luqman kikajipatia uwanja wa bure. Zuhra aliingia hapo kwa mlango wa cherehani. Yeye ndiye aliyewashonea suruali za maonesho, na siku ya kuzileta, mgongo ukimuuma kwa kuinama kutwa, alimuuliza mwalimu wao kwa mzaha kama kuna dawa.

"Ipo," Luqman alimjibu. "Ila inanywewa miguu juu."

Hivyo ndivyo walivyoanza, siku ambazo vijana wengine hawapo. Bi Mwanvua alipopata habari aligeuka mbogo. "Mtoto wa kike miguu juu kama meza iliyopinduliwa! Nani atakuoa?" Mzee Songoro akaja mwenyewe kuona, akamkuta binti kavaa suruali, kajisitiri, mwalimu kakaa mbali, akarudi kumwambia mkewe amwache mtoto anyooshe mgongo.

Luqman hakuwa mwalimu wa sifa. "Usitafute kukaa sana mara moja," alimwambia. "Panda, kaa kidogo, shuka ungali na nguvu. Pumzika. Panda tena. Mikono haijengwi kwa kuanguka." Walipima kwa nyimbo za kwenye simu yake. Mwanzoni Zuhra hakuwa akifika hata kwenye kiitikio. Kisha akakifikia, akakipita, na siku alipomaliza wimbo mzima alitaka awekewe taarabu.

"Taarabu utafia ukutani," Luqman alimwambia. "Wale watu hawana haraka."

Hakumgusa hata siku moja. Alimsahihisha kwa ufito: mbavu zikitokeza, ufito unagusa mbavu, kiuno kikipinda, unagusa kiuno. Zuhra akaanza kukosea mbavu makusudi. Luqman naye alijua kuwa ni makusudi, na aliendelea kusahihisha kwa uso mkavu kama hakimu.

Na walikuwa na sheria yao moja. "Wewe huoni umbo lako," alimwambia. "Mimi ndiye ninayeliona. Nikikaa kimya, jua unaweza, endelea. Nikisema shuka, shuka hapo hapo usibishe." Zuhra akaizoea sheria ile mpaka kimya cha Luqman nyuma yake kikawa kinamtia nguvu kuliko sifa za mtu mwingine yeyote.

Sasa walikuwa wamesimama wakitazamana kwenye mchanga ule ule. Mbali kidogo wanawake waligeuza dagaa juani, na kwa jinsi walivyokuwa wakigeuza polepole, masikio yao hayakuwa kwenye dagaa.

"Nimesikia leo mna wageni," alisema Luqman.

"Nani kakwambia?"

"Mama mmoja anauza samaki wa migebuka pale mwaloni kwenye boti. Sijamaliza kumwamkia nimeshaambiwa mpaka pilau."

"Basi umeshajua. Umekuja kula pilau?"

"Zuhra, usinifanye hivyo."

"Nikufanyeje? Niambie wewe. Mwalimu ni wewe."

Luqman akavua kofia yake, akaikunja, akaikunjua. "Ulikuwa unanisubiri?"

Zuhra akacheka, kicheko kisicho na furaha. "Unauliza? Luqman, siku ile ulipokuja kwetu na Baba Mdogo wako, mimi nilikuwa nyuma ya pazia. Nilikuwa naona magoti yako tu. Baba yangu akakuuliza."

"Nakumbuka."

"Akakuuliza wewe. Hakumuuliza Baba Mdogo."

Luqman alikumbuka vizuri, na Zuhra naye alikumbuka, maana kila usiku tangu hapo aliirudia ile sebule kichwani. Desturi ni kwamba mposaji hasemi, anasemewa. Baba Mdogo Nasibu, aliyemlea Luqman tangu baba yake alipofariki, ndiye aliyekuwa msemaji, na alikuja bila kupenda. Kwake yeye msichana wa kupanda ukuta si mke. Alizunguka na maneno ya hali ya hewa na bei ya samaki mpaka Mzee Songoro akachoka. Akaivunja desturi yeye mwenyewe mwenye binti, akamgeukia kijana. "Luqman, mwanangu, wewe mwenyewe unasemaje?" Ilikuwa kama mlango umefunguliwa wazi. Luqman akatazama mkeka. Baba Mdogo akaingilia, "Kijana bado anajitafuta, Mzee. Leo tumekuja kuwajulia hali tu." Wakanywa chai, wakaaga.

"Ulinyamaza," Zuhra aliendelea. "Mama akasema, unaona huyo mwanamume wako? Mimi nikasema moyoni, mama hajui. Huyu akinyamaza ana maana yake. Ananiambia ninaweza, niendelee. Kesho yake nikaja hapa, nikapanda. Nikasikia umefika. Ukasimama nyuma yangu muda mrefu. Hukusema nishuke. Nikasema basi, ndiyo agano lenyewe. Kisha nikasikia unaondoka. Nilikaa juu mpaka mikono ikanikatalia, nikaanguka, nikachubuka huu uso. Jioni nikaambiwa umepanda meli kwenda Mpulungu, Zambia huko."

"Zuhra..."

"Ngoja nimalize! Posa nyingine ikaja kabla ya hii, nikaikataa. Mama akaninunia. Shangazi zangu wakaja na dua zao. Kila nikichoka nasema, mwalimu hajasema shuka. Nikaja hapa kila siku, nikapanda peke yangu. Niambie, Luqman, nilikuwa nimeelewa vizuri?"

Luqman akakaa chini mchangani kama mtu aliyepigwa. Zuhra, aliyekuwa amejaa hasira, ghafla akaogopa jibu.

"Hapana," alisema Luqman.

"Hapana nini?"

"Sikuwa nakuambia kitu. Nilikuwa naogopa." Akachota mchanga, akaumwaga. "Pale sebuleni maneno nilikuwa nayo mdomoni, wallahi. Baba Mdogo akanikata jicho. Nikaona nikifungua kinywa nimemvunjia heshima mbele ya watu, mtu aliyenilisha. Nikayameza. Na kesho yake alishanikatia tiketi nikasimamie duka lake kule. Nikaja kukuaga. Nikakuta uko juu, umenyooka, umetulia, mzuri mpaka nikaona aibu. Nikasema nitangoja ashuke, nimwambie yote. Hukushuka. Meli ilikuwa inaondoka."

"Mimi nilikuwa nangoja useme, nishuke."

"Na mimi nilikuwa nangoja ushuke, niseme."

Wanawake wa dagaa wakajikumbusha kazi yao. Zuhra alihisi machozi yanakuja na hakuyazuia. Aliililia ile asubuhi. Aliwalilia wale watu wawili wajinga, mmoja miguu juu na mwingine miguu chini, kila mmoja akimheshimu mwenzake mpaka wakapotezana. Kama angeshuka tu! Mikono yake, aliyoijenga kwa subira kubwa namna ile, ndiyo iliyomponza.

"Simu hukuwa nayo?" aliuliza alipoweza.

"Niliandika. Nikafuta. Nikaandika tena, nikafuta. Nilidhani umekasirika, umeniona si mwanamume."

"Ungenitumia hata hayo uliyofuta."

"Najua." Luqman alisimama, na kwa mara ya kwanza akamtazama usoni bila kukwepa. "Nakupenda, Zuhra. Nakupenda tangu siku ulipoleta zile suruali, moja ikawa na mguu mmoja mfupi, ukacheka mpaka ukakaa chini. Kule Mpulungu nimefungua duka, nimefunga duka, sijui hata nimeuza nini. Nimerudi bila kuitwa. Nataka nikuoe wewe."

Laiti angalisema hivyo ile siku ya sebule! Maneno yalikuwa mazuri, tena ya bure, na yangemaliza kila kitu. Zuhra akafuta uso kwa ncha ya mtandio.

"Yaseme hayo hayo kwa baba," alisema upesi. "Sasa hivi. Yuko barazani anangoja adhana, wageni hawajafika. Mwambie kama ulivyoniambia mimi, usiongeze chumvi. Baba hana kinyongo na wewe, namjua. Mguu wako na mdomo wako tu, Luqman. Twende."

Uso wa Luqman ukabadilika. "Peke yangu?"

"Peke yako."

"Zuhra, mtu haendi kuposa peke yake kama anakwenda kununua chumvi. Ngoja nimpitie Baba Mdogo. Tumeshaongea safari hii, amelainika, atakuja. Si mbali, yuko mjini. Nachukua bodaboda, narudi naye mara moja."

"Hakuna muda."

"Upo. Nataka nikuchukue kwa heshima. Asije mtu kesho akakusimanga kwamba uliolewa na mhuni asiye na wazee. Safari iliyopita nilikosea, hii nataka isiwe na kasoro hata moja."

"Luqman, ukimfuata Baba Mdogo..."

"Narudi. Nakuapia narudi."

Zuhra alimtazama. Alitaka kumshika mkono, amvute mpaka barazani kama mtoto anayepelekwa kuomba radhi. Lakini mkono wake hakuuinua. Msichana aliyelelewa Ujiji hamvuti mwanamume barabarani mbele ya watu, na wale wanawake wa dagaa walikuwa wamesimama kabisa sasa. Akasema, "Basi usichelewe," na hilo ndilo neno alilokuja kulijutia kuliko yote. Nyumba ya Mzee Songoro ilikuwa kushoto, mwendo mfupi tu. Luqman akageukia kulia, kwenye barabara ya mjini, akikimbia na mguu wake mbovu.

Nyumbani Bi Mwanvua alikuwa ameshapika. Alimwona binti ana mchanga magotini, akavuta pumzi ya kumtukana, kisha akayaona macho yake, akaghairi. Akamwogesha maneno matamu, akampa kanga mpya, akamketisha chumbani nyuma ya lile pazia.

Wazee wa Simbo wakaja baada ya swala. Saidi mwenyewe hakuwepo. "Mwakeye!" Bi Mwanvua aliwapokea, jua likiwa linaelekea Kongo, ng'ambo ya ziwa, nao wakaitikia kwa pamoja wakicheka. Walikaa mkekani. Mkubwa wao, mzee mwembamba mwenye ndevu nyeupe, akasema Saidi ametuma neno: binti akikataa asilaumiwe, yeye atabaki kuwa jirani mwema. Zuhra alilisikia lile neno likamchoma. Laiti yule angekuwa mtu mbaya, mambo yangekuwa mepesi.

"Zuhra," baba yake aliita. "Sogea hapa mlangoni, mwanangu."

Akasogea, akakaa, akajifunika kanga.

"Wazee wa Saidi hawa. Umewasikia. Sitaki useme kwa ajili yangu wala kwa ajili ya mama yako. Unaridhia?"

Zuhra akatega sikio. Bodaboda ilikuwa inakuja toka upande wa msikitini. Ikapunguza mwendo. Ikapita. Mwili wake wote ulikuwa umekaza, tumbo limebanwa, pumzi zinaingia kidogo kidogo kwa pua, na yeye mwenyewe hakujua kwamba amejikaza hivyo. Bado kidogo, alijiambia. Atafika. Nishikilie kidogo tu.

"Mwanangu, nakuuliza tena," alisema Mzee Songoro, na sauti yake ilikuwa ya upole kiasi kwamba Zuhra alitaka kulia. "Kama kuna neno, liseme. Hapa ni kwenu."

Angesema, "Baba, ngojeni kidogo," Mzee Songoro angewazuia wale wageni hata mpaka kesho. Angesema, "Hapana." Angesema jina la Luqman. Maneno yote alikuwa nayo. Akawaza nyuso za wale wazee waliotoka Simbo, akawaza mama yake na pilau yake, akawaza Luqman akifika na kuukuta mlango umeshafungwa kwa fujo na aibu kwa sababu yeye hakuweza kungoja. Akatazama mkeka.

Yule mzee mwembamba akakohoa kwa adabu. "Mzee mwenzangu, usimchoshe mtoto. Ndivyo tulivyofunzwa: bikra akinyamaza, karidhia."

Mzee Songoro hakuharakisha. Alimtazama binti yake kitambo, akimpa nafasi ya mwisho, na Zuhra aliiona nafasi ile inapita mbele yake kama alivyoisikia ile bodaboda. Hakuwa amezibwa mdomo na mtu. Kunyamaza hakukuwa kazi ngumu hata kidogo. Kulikuwa rahisi kuliko kitu chochote alichopata kukifanya, na hapo ndipo alipomsamehe Luqman, wakati msamaha wenyewe haukuwa na faida tena kwa yeyote.

"Alhamdulillahi," alisema baba yake. Akafungua viganja, wazee wakafungua vyao, Fatiha ikasomwa. Jikoni Bi Mwanvua akapiga vigelegele mpaka kuku wakatawanyika uani.

Vigelegele vilikuwa havijakatika ilipokuja sauti nene mlangoni.

"Hodi! Hodi wenyewe!"

Alikuwa Baba Mdogo Nasibu. Nyuma yake Luqman, jasho linamtiririka, amevaa kanzu mpya ambayo bado ilikuwa na mikunjo ya dukani. Alipoona mlango umejaa viatu hakusita. Alimpita Baba Mdogo, akavuka kizingiti wa kwanza, na hakungoja kusemewa.

"Shikamoo, Mzee. Safari hii nimekuja kusema mwenyewe."

Mzee Songoro akainuka kumpokea kwa mikono miwili, uso umejaa furaha ya mtu aliyekwisha kuutua mzigo.

"Marahaba, mwanangu, marahaba! Utasema, utasema. Karibuni ndani, mkae kwanza, mmetukuta kwenye kheri. Zuhra! Waletee wageni chai."